Mwisho Aliousimulia Achieng'

Muhula huu nimesoma riwaya tatu za vijana, na zote tatu zimeniudhi. Ya kwanza ni nene kama tofali, nayo ni mwanzo tu wa mfululizo wa sita. Ndani yake binti mfalme anachomwa mkuki katika ukurasa wa mia tatu, na kufikia ukurasa wa mia tatu na kumi na mbili ameketi anakunywa supu. Ya pili ina mvulana anayezungumza na kioo, na mama yake aliyekufa anatoka ndani ya kioo hicho akiwa amevaa gauni lake lile lile, hata halijakunjamana. Ya tatu ni nzuri kuliko hizo mbili, na ndiyo iliyonikasirisha zaidi. Inaanza na rafiki aliyekufa, inakaa na huzuni hiyo kwa subira, sura baada ya sura, halafu mwandishi anaingiwa na woga, na katika sura ya mwisho rafiki anabisha hodi. Mwandishi ana ruhusa ya kuua, mimi simnyimi. Lakini asimfufue mtu kwa sababu tu ameona wasomaji wanalia.

Nafundisha Baiolojia katika shule moja ya wasichana hapa Homa Bay, na kila Ijumaa baada ya masomo nasimamia chama cha wasomaji, kwa kuwa mwalimu wa Kiingereza ana watoto wadogo na lazima awahi nyumbani. Wasichana wananiita Madam Mwisho, wakidhani sijui. Jina hilo wamelitoa kwenye tabia yangu. Nikipewa riwaya yoyote, naanza na ukurasa wa mwisho. Nikiridhika na nilichokikuta huko, ndipo narudi mwanzo. Wanasema naharibu utamu. Nawaambia utamu unaoharibiwa na ukweli haukuwa utamu. Wanacheka, nami nacheka, tunaendelea na mambo mengine. Sijawahi kuwaambia nilianzaje.

Wiki iliyopita msichana mmoja wa kidato cha pili, Velma, alinijia na kitabu alichokitoa kwenye sanduku la vitabu vya msaada. Jalada lake limepauka na kona moja imeliwa na panya. Juu yake kuna picha ya mto, na kutoka kwenye maji mkono wa mtu umenyooshwa. "Madam," alisema, "hebu soma mwisho wa hii, halafu uniambie." Nilikishika, nikakiweka mezani, nikakishika tena. Kilikuwa na ile harufu ya karatasi iliyolowa ikakauka, ikalowa tena. Nilikuwa nakijua. Kingine kama hicho nilikizika kwa mikono yangu mwenyewe nikiwa na miaka tisa.

Kwetu ni Uriri. Dada yangu Achieng' alizaliwa jua likiwa utosini, mimi Atieno nikazaliwa usiku, na watu walisema kila mmoja alichukua tabia ya saa yake. Alinizidi miaka saba. Yeye aliongea na kila mtu sokoni, mimi nilijificha nyuma ya sketi yake. Siku za soko hakukosa kupita kwa Mzee Athumani, mfanyabiashara kutoka Pwani aliyeuza mabegi ya mitumba. Ndani ya mabegi yale wakati mwingine vilibaki vitu vya wenyewe wa ng'ambo: kitana, tiketi ya basi, picha ya mbwa, na mara moja moja kitabu. Mzee Athumani alikuwa akivitenga vitabu kando. "Chukua, mwanangu," alikuwa akimwambia kwa Kiswahili chake kilichotufanya sisi tuone haya kufungua midomo, "karatasi hizi kwangu hazina kazi." Kwa miaka mitatu Achieng' alipata vitabu vitano, vyote vya aina moja: majoka, falme, watoto yatima wenye nguvu za ajabu. Inaelekea wasichana wa ng'ambo hawasafiri bila majoka.

Mimi Kiingereza kilikuwa bado hakijaniingia. Kwa hiyo Achieng' alisoma kwa macho, kisha akanisimulia kwa Kijaluo, akichomeka Kiswahili pale alipokwama kwenye jina la mnyama au la mfalme. Tulikuwa tukikaa nyuma ya jikoni, migongo yetu kwenye ukuta uliopata joto la moto wa mama, harufu ya moshi na ya omena wa kukaanga, dagaa wa ziwa letu, ikitoka kwenye nyufa. Alibadilisha mambo alivyotaka. Theluji ikawa mvua ya mawe. Matofaa yakawa mapera. Farasi wa mfalme akawa punda, kwa sababu nilimwambia punda namjua na farasi simjui, na mfalme yule alipanda punda mpaka vita vikaisha. Nimesoma tafsiri nyingi tangu wakati huo, zilizofanywa na watu wenye shahada. Hakuna iliyonishika kama ile.

Nilichokipenda kuliko vyote ni hicho cha mto. Kilimhusu msichana aliyechukuliwa na watu wa majini. Watu hao hawaibi bila kuacha kitu. Wakimchukua mtu, huweka badala yake gogo lililovishwa nguo zake, na wazazi wakiliona hulia, hulizika, basi. Gogo likishafukiwa, mlango wa maji hufungwa na aliyechukuliwa hawezi kurudi tena. Ndivyo alivyonisimulia Achieng'. Msichana huyo alikuwa na mdogo wake wa kiume, na mtoto huyo ndiye peke yake aliyeng'amua kwamba linalotaka kuzikwa si dada yake. Akaliiba gogo kabla ya mazishi, akalificha darini.

Siku tuliyofika mwisho naikumbuka sana. Achieng' alisoma kurasa za mwisho kimya, midomo ikitikisika kidogo, na akachukua muda mrefu. Nilimvuta mkono, nikamuuliza amerudi au hajarudi. Nilikuwa nimeshaanza kulia, maana mimi nilikuwa mtoto wa kulia kabla habari haijafika. Alinitazama. Akakifunga kitabu, kidole chake kikiwa bado ndani.

"Anarudi," akasema. "Mwezi wa tatu ukiandama, anarudi amelowa chapachapa, anasimama mlangoni, anasema ana njaa."

Nilimuuliza akapewa nini kula. Akasema ugali na omena. Nikaridhika kabisa, nikapangusa kamasi, nikaenda kucheza. Sikujiuliza kwa nini mwisho ule alinisimulia bila kuangalia karatasi.

Likizo iliyofuata Achieng' alikwenda Takawiri kwa shangazi, kisiwani, kumsaidia kuanika omena. Aliniachia vitabu vyote vitano chini ya kitanda chetu na onyo kwamba panya wakivigusa nitajibu. Siku aliyokuwa anarudi, boti iliyowabeba ilipinduka mchana kweupe, ziwani, watu wakiona kutoka ufukweni. Ilikuwa na watu watano. Wawili waliokolewa, wawili wakapatikana baadaye wakiwa wamekufa. Achieng' hakupatikana, si siku hiyo wala siku iliyofuata. Baba na mama walikwenda huko wakakaa siku tisa. Shangazi aliniambia nilipokuwa mkubwa kwamba siku zote hizo mama alikuwa akikaa mchangani na leso kavu mapajani, iliyokunjwa vizuri, ili akitolewa tu amfunike. Siku ya tisa mawingu yalifunga, na baba akamshika mkono akamwambia twende. Leso ile alirudi nayo Uriri ikiwa kavu vile vile.

Wazee wakakaa, wakaamua. Baba mkubwa, kaka yake baba, alikwenda mtoni akarudi na yago begani. Yago ni tunda la mti, la rangi ya kijivu, refu na nene kama paja la mtu mzima, na uzito wake unakaribia wa mtoto mchanga mara mbili. Kwetu, mtu aliyepotelea majini asipopatikana, huzikwa yago badala yake. Si mchezo na si uongo. Hulivisha, hulililia, hulilaza kwenye jeneza, na marehemu huko aliko hujua kwamba amerudishwa kwao, akaacha kutangatanga. Hayo nayajua leo. Wakati ule hakuna aliyenieleza, kwani siku za msiba mtoto wa miaka tisa haelezwi kitu, hutumwa maji tu.

Nililiona kupitia upenyo wa pazia. Lilikuwa limelazwa juu ya mkeka chumbani kwa mama, naye mama alikuwa amepiga magoti analivisha sare ya shule ya Achieng', sketi kwanza, kisha sweta ya buluu. Alipitisha vifungo kimoja kimoja, taratibu, kama anavyovishwa mtoto anayesinzia. Kitabu kilikuwa cha kweli! Gogo lilikuwa pale mbele ya macho yangu, limevaa nguo zake, na watu wazima wote, na akili zao zote, walikuwa wanajiandaa kumfungia Achieng' mlango.

Nilimfuata Baba mkubwa nje, nikamshika suruali. Nilimwambia, "Msilizike. Mkilizika hatarudi."

Alichutama tukawa sawa kwa sawa. Alikuwa mtu mkali, lakini siku hiyo hakuwa mkali. "Nyathina," aliniambia, yaani mwanangu, "tukilizika ndipo anarudi."

Nilimhurumia. Nilijua hakuwa amesoma.

Siku ya mazishi mvua ilitukuta mchana, watu wakiwa wanakula. Ilikuja na upepo, hema moja likang'oka, wanawake wakakimbilia masufuria na wanaume wakakimbilia hema. Jeneza lilikuwa sebuleni kwa mama juu ya mabenchi mawili, kifuniko kimeegeshwa tu, na kwa dakika chache hapakuwa na mtu ndani. Niliingia kwa mlango wa nyuma. Nilifungua vifungo vya sweta, nikalivuta yago kutoka ndani ya sare, likaniponyoka na kuanguka sakafuni kwa kishindo ambacho niliamini kimesikika mpaka Migori mjini. Mvua kwenye mabati ilikimeza. Niliwaza kwamba wabebaji wangelijua jeneza tupu kwa wepesi wake, na mpaka leo sijui akili hiyo niliitoa wapi. Nikavivuta vitabu vitano kutoka chini ya kitanda, nikavipanga ndani ya sweta, vikubwa chini na vidogo juu, nikafunga vifungo vyote kama mama alivyovifunga. Havikufikia uzito wa yago, kwa hiyo nikaongeza lile jiwe dogo la kusagia la jikoni. Kile cha mto nilikiweka katikati. Nilijiambia sikihitaji tena, kwa sababu mwisho wake naujua.

Yago nililiburuta hadi kwenye mikonge nyuma ya choo, nikalifunika kwa majani makavu ya migomba. Niliporudi, Baba mkubwa alikuwa ameingia, maji yakimchuruzika, anapigilia misumari kwenye kifuniko. Hakufunua kwanza. Nani hufunua jeneza aangalie tunda?

Walizika nje ya ua, karibu na lango, kwa kuwa msichana ambaye hajaolewa hazikwi ndani ya boma la baba yake. Mzee Athumani alikuja kutoka sokoni akasimama kando, kofia mkononi, akiwa na begi jipya la shule alilosema alikuwa amemwekea. Mama hakupiga kelele. Alitazama udongo ukiingia mpaka ukaisha. Nami nilisimama pale nikiwa na siri iliyonifanya nijione mkubwa kuliko wote waliokuwepo. Hapa ndipo ninaposhindwa kujisamehe hata leo. Nilikuwa na furaha.

Nilingoja miezi mitatu, nikihesabu mwezi kila ulipoandama. Kila siku baada ya shule nilikwenda mikongeni kuliangalia yago, nikalimwagia kikombe cha maji, sijui kwa nini, labda nilidhani lisikauke ili mlango usikauke nao. Kila nilipokula nilibakisha tonge na omena mbili tatu, nikaviweka ndani ya kikopo cha mafuta ya kupikia chini ya kitanda, maana atakuja na njaa. Mama alikifuata kikopo kwa harufu yake. Aliniuliza ni cha nani.

"Cha Achieng'," nikasema. "Akija atakuwa na njaa."

Nilingoja kofi. Mama aliketi kitandani, upande wa Achieng', akatoa tonge moja lililokauka, akalila lote mbele yangu bila maji. Kisha akanirudishia kikopo, akaenda zake shambani. Hatukuzungumza habari hiyo tena. Nilidhani mama naye anamngoja, tuko pamoja, na nusura nimwonyeshe yago siku hiyo hiyo. Kumbe mama alikuwa anafanya alichoweza na mtoto mmoja aliyebaki.

Mwezi wa tatu uliandama, ukakua, ukaisha. Yago likawa jeusi, likalainika, likatoa uvundo ambao mama alidhani ni wa panya aliyefia mikongeni. Mchwa wakalimaliza. Ingekuwa moja ya hizi riwaya ninazoletewa na wanafunzi, mahali pale pangeota mti, na mti ungechanua usiku mmoja, na chini yake ningekuta alama za miguu iliyolowa. Hapakuota kitu. Baba alihamisha choo miaka michache baadaye, na mahali pale sasa kuna banda la kuku.

Sikumbuki siku nilipojua kwamba Achieng' amekufa. Watu huuliza jambo kama hilo wakidhani lina siku. Nilikwenda nikijua kidogo kidogo, darasa baada ya darasa, na siku nilipotambua kwamba najua, nilikuwa nimejua kwa muda mrefu. Lakini siku nilipotambua nimemfanya nini mama, hiyo naikumbuka. Nilikuwa na miaka kumi na mbili au kumi na tatu, nimetumwa kuni, nikapita karibu na lango. Mama alikuwa kwenye kaburi na ufagio wake, kama alivyokuwa kila Jumamosi. Alikuwa anaongea. "Achieng'," alikuwa anasema, kwa sauti ile ile ya kupiga gumzo jikoni, "mahindi yameota upande wa chini tu, huku juu ndege wamefukua. Mdogo wako amekuwa wa pili darasani. Anasoma kama wewe." Akanyamaza kidogo kama anayempa mwenzake nafasi ya kujibu, kisha akaendelea kufagia. Niliweka kuni chini. Mama alikuwa anaviambia habari za mahindi vitabu vitano vya mitumba na jiwe la kusagia.

Ningesema siku hiyo. Ningesema mwaka uliofuata, au nilipomaliza shule, au nilipopata kazi. Kila mwaka uliopita ulifanya jambo lenyewe liwe zito zaidi, na kila Jumamosi mama alifagia. Baba mkubwa akafa. Baba akafa. Mwaka jana mama alipougua, nilimleta huku Homa Bay nimuuguze karibu, na siku moja pale wodini, mchana, jua likiwa limeingia kitandani kwake, niliamua leo namwambia. Nilivuta kiti. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nikasema, "Mama, kuhusu Achieng'."

Alitabasamu kwa kulisikia jina tu. "Atieno," alisema, "mimi nimeanza mambo mengi maishani yakanishinda. Moja tu nililimaliza. Mtoto wangu sikumwacha majini. Nilimleta nyumbani."

Nilimtandikia shuka vizuri. Nikamuuliza kama anataka chai.

Alikufa mahindi yakiwa magotini. Tulimzika ndani ya boma, upande wa kushoto wa nyumba yake, kama inavyopaswa. Alikuwa ameomba alazwe nje karibu na lango, na wazee wakasema haiwezekani, mwanamke aliyeolewa hazikwi nje ya ua. Sikumtetea. Nilijua nje ya ua hakuna mtu wa kulala naye.

Sasa mnielewe kwa nini kitabu cha Velma kilikaa mezani kwangu siku nzima bila kufunguliwa, mimi ambaye huanza na mwisho kabla sijavua hata mkoba. Nimekitafuta kitabu hicho miaka yangu yote ya utu uzima. Sikujua jina lake kamili, kwani Achieng' alikiita tu cha mto. Nimesoma riwaya za majoka na za falme kuliko mtu yeyote wa umri wangu ninayemjua, na watu hudhani nazipenda. Nilikuwa natafuta moja tu, nione kwa macho yangu yule dada anavyosimama mlangoni.

Nilifungua ukurasa wa mwisho kwenye chumba cha walimu, wenzangu wakiwa wameenda kula. Hasimami mlangoni. Mtoto analificha gogo darini na kungoja, na dada yake haji. Mwezi wa tatu unapita. Wazazi wanazika sanduku tupu, wanazeeka. Mtoto anakuwa mtu mzima, anakuwa mzee, na bado anangoja. Mwishoni kabisa, bibi mmoja kijijini anamwambia kwamba alilielewa jambo kinyume. Gogo halifungi mlango. Gogo linapozikwa ndipo maji humwachilia mtu, akapumzika kwao. Dada yake amesimama kizingitini miaka yote hiyo, hawezi kuingia na hawezi kuondoka, akingoja azikwe. Mzee analishusha gogo, analizika mwenyewe, na usiku huo ndio wa kwanza nyumba yao kuwa kimya.

Kama msomaji, nasema ni riwaya nzuri. Katikati imerefushwa, na wale watu wa majini wana majina mengi mno, lakini mwisho wake ni wa kweli na mwandishi hakuogopa. Achieng' ndiye aliyeogopa. Aliona mtoto analia, akamfufua mtu. Nimemkasirikia, naona aibu kusema, nimemkasirikia kwa wiki nzima, msichana wa miaka kumi na sita ambaye alitaka tu mdogo wake apanguse kamasi. Baba mkubwa, ambaye nilimhurumia kwa kutosoma, aliniambia mwisho ule ule ulioandikwa pale, kwa maneno machache zaidi. Na karatasi ambazo zingenisahihisha, nilipokuwa na umri wa kuzisoma, zilikuwa chini ya udongo mahali nilipoziweka mimi.

Mzee wa kitabuni alikuwa na gogo lake. Langu lililiwa na mchwa. Nimewaza kwenda mtoni kutafuta yago jingine, Uriri hayakosekani. Lakini nani atalivisha? Mikono iliyokuwa ikijua vifungo vya sweta ile iko upande wa kushoto wa nyumba, na sweta yenyewe imevaliwa na vitabu.

Jana ilikuwa Ijumaa. Velma alikuja chamani mapema kabla ya wenzake, akakaa dawati la mbele. Aliniuliza kama nilikisoma. Nikamwambia ndiyo. Akauliza dada yule anarudi au harudi, na alikuwa amekunja mikono juu ya dawati, ananitazama.

"Anarudi," nilisema. Sauti ilinitoka nyepesi, wala sikujua itatoka hivyo. "Anarudi amelowa, anasema ana njaa."

Velma hakufurahi. Aliangalia mikono yake, kisha akasema polepole, "Madam, mimi nilishasoma mwisho, kama wewe unavyofanyanga. Nilifikiria labda sijaelewa, ndio nikakuletea."

Wenzake walikuwa wanakuja, niliwasikia koridoni wakicheka. Velma alikuwa bado anangoja. Nilikitoa kitabu kwenye mkoba, nikamwekea mbele yake.

"Umeelewa," nikamwambia. "Harudi."

Neno hilo nilikuwa sijawahi kulitamka kwa mdomo wangu.